Jalada la maua, ndani kuna ubakaji: wasomaji wa riwaya nyepesi, tuzungumze

Mleta uzi

Habari zenu wapenzi wa vitabu. Uzi huu ni mrefu na unazungumzia ubakaji na ukatili wa nyumbani, kwa hiyo ambaye leo moyo wake hauko tayari aupite tu, hakuna wa kumlaumu.

Tuko wanawake saba, tunasoma kitabu kimoja kila mwezi. Mwezi uliopita zamu ya kuchagua ilikuwa yangu. Tulikuwa tumetoka kusoma vitabu viwili vya vita mfululizo na wote tumechoka, nikaona tupumzike na riwaya ya mapenzi. Jina la kitabu sitalitaja kwa sababu ninachokilalamikia si chake peke yake. Jalada la waridi, mwanamke aliyechorwa kwa mgongo ameshika mwavuli, maua kila upande. Nyuma wameandika kwamba ni kisa cha binti anayeanza maisha upya, ana marafiki wawili wenye vituko na jirani mwenye tabasamu. Nikasema hiki ndicho.

Sura nane za mwanzo tulicheka kweli. Watu walikuwa wakipiga picha kurasa na kutumiana usiku. Halafu ikaja sura ya 9, bila hodi. Binti anakumbuka alichofanyiwa akiwa na miaka 19 na mtu aliyekuwa akimwita kaka. Kurasa mbili na nusu, na mwandishi hakuficha kitu. Sura ya 10 inafunguka kwa rafiki yake anayehangaika na viatu siku ya harusi, na sisi tunatakiwa tuanze kucheka tena pale pale tulipoishia.

Jambo lile halirudi hadi karibu na mwisho, binti anapomsimulia yule jirani. Jirani anamkumbatia. Usiku ule analala hadi asubuhi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Wanaoana, kitabu kinaisha.

Tulipokutana kukijadili, kila mtu alikuja na lake. Mmoja alilia, akasema hajawahi kuona kilichompata yeye kimeandikwa waziwazi namna ile. Mwingine alikuwa amekasirika, akasema ametegwa. Watatu hatukuwa na msimamo, tulikuwa tunatazamana. Mmoja alikiona kitabu kizuri chenye sura moja ya huzuni, basi. Na wa saba hakuja. Aliishia sura ya 9, akaandika "nimekiacha", na tangu siku hiyo hajibu ujumbe wa mtu. Kile kitabu nilimpa mimi kwa mkono wangu.

Kwa hiyo nauliza, riwaya nyepesi zina haki ya kugusa mambo mazito namna hii? Mimi nasema zinayo. Kinachonikera ni pale jeraha la mwanamke linapotumika kumpa jirani nafasi ya kuonekana mwema, kisha linakunjwa na kuwekwa pembeni. Nawasikiliza.

Soma Taratibu

Dada mleta uzi, pole, na mfikishie pole mwenzenu pia. Mimi nitasimama upande wa pili kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Miaka michache nyuma nilikuwa kwenye ndoa ambayo kila mtu aliisifu. Sikuwa nasoma vitabu vizito, akili haikuwa na nafasi. Nilikuwa nasoma hizi hizi riwaya pendwa ambazo watu wanazidharau. Moja ilikuwa na mke na mume, mume hajawahi kumpiga mkewe hata kofi. Alikuwa anamfichia funguo za gari, halafu anamsaidia kuzitafuta huku akimwambia "siku hizi unasahau sana mke wangu". Mshahara wa mke ulikuwa unaingia kwenye akaunti ya mume ili mke asisumbuke na mahesabu. Marafiki wa mke walipungua mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu iliyoonekana ya maana.

Niliusoma ukurasa wa funguo nikiwa nimesimama jikoni. Nikaurudia. Mimi nilikuwa nimetafuta funguo zangu kwa miaka minne.

Sasa fikirini. Kitabu kile kingekuwa na jalada jeusi lenye neno "ukatili" kwa herufi kubwa, nisingeweza kukiingiza nyumbani. Mume wangu angekiona. Kilikuwa na mchoro wa kikombe na paka, akakiona mezani wiki nzima, akaniambia "unasoma upuuzi wako". Wepesi wa jalada ndio ulionifichia. Kwa hiyo mtu akiniambia vitabu hivi viache mambo mazito yaandikwe na watu wazito, namuuliza mwanamke wa aina yangu angeyasomea wapi.

Kurasa Mia Nne

Soma Taratibu, nimeguswa na sikupingi. Mimi hasira zangu ziko kwa wanaouza.

Kumbukeni It Ends With Us ya Colleen Hoover. Kilitoka 2016, na mwishoni mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba kimetokana na maisha ya mama yake, aliyeondoka kwa mume aliyekuwa akimpiga. Mimi kitabu kile nilikiheshimu, hasa kwa jinsi kinavyoonyesha kwamba mtu anaweza kumpenda anayemuumiza na bado akaondoka. Halafu Januari 2023 ikatangazwa kwamba kitatengenezewa kitabu cha kupaka rangi. Cha kupaka rangi, hadithi ya mwanamke anayepigwa! Wasomaji wakapiga kelele, na kwa haki yake mwandishi alikubali kosa, kikasitishwa mara moja. Mwaka 2024 ikaja filamu, na malalamiko yakawa yale yale, kwamba inatangazwa kama tafrija ya marafiki kuvaa nguo za maua na kwenda kustarehe, neno ukatili likitajwa kwa kunong'ona.

Hapo ndipo wasomaji tunapogawanyika bila kujua tunagawanyikia nini. Mmoja anakisema kitabu, mwingine anasema tangazo lililomfikisha kwenye kitabu. Mwenzenu wa saba, mleta uzi, sidhani kama sura ya 9 ingemvunja vile kama yale maneno ya nyuma ya kitabu yangekuwa ya kweli.

Mpita Kurasani

Mnakuza mambo. Ni hadithi. Asiyependa afunge kitabu asonge mbele.

Mleta uzi

Ndugu Mpita Kurasani, alikifunga. Kusonga mbele ndiko kulikoshindikana.

Sikio la Pembeni

Nafanya kazi ya ushauri nasaha, huu ni mwaka wa kumi na moja, na wengi ninaokaa nao ni manusura wa ukatili. Nimesoma uzi wote. Nitasema mambo ya kikazi kidogo, mnivumilie.

Mleta uzi amesema walitoka kwenye vitabu vya vita wakatafuta cha kupumzikia. Mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoingiza rasmi kwenye mwongozo wao maradhi ya msongo unaofuata kiwewe, na waliosukuma sana ni wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam. Mwaka 1992 daktari wa akili Judith Herman akaandika kitabu kinachoonyesha kwamba yanayomsumbua askari aliyetoka vitani na yanayomsumbua mwanamke aliyebakwa au kupigwa nyumbani ni mamoja: usingizi unaokatika, kushtuka kwa sauti ndogo, kumbukumbu zinazokuja vipande vipande, kufa ganzi. Kwa hiyo kundi lenu halikutoka vitani. Lilibadilisha jalada tu.

Herman huyo anaeleza kupona kwa hatua tatu. Kwanza usalama. Kisha kukumbuka na kuomboleza. Kisha kurudi kwa watu na maisha. Riwaya ya mleta uzi imeruka ya kwanza, ya pili imeipa kurasa mbili na nusu, na ya tatu ni harusi. Ninaokaa nao hutumia miezi kwenye ile ya kwanza peke yake: kulala chumba kipi, nani ana ufunguo, simu iko kwa nani. Na kwa aliye kwenye ndoa ya kipigo, kipindi cha kuondoka na muda mfupi baada yake ndicho cha hatari zaidi. Riwaya nyingi huandika kuondoka kama ushindi, mlango unafungwa, jua linachomoza. Hilo linanitia hofu zaidi kuliko viatu vya harusi, kwa sababu kuna msomaji anayepanga kuondoka kwake kwa kufuata kitabu.

Jambo la mwisho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono katika maisha yake. Nyinyi mko saba. Anayechagua kitabu cha kundi hapaswi kudhani kwamba anawachagulia watu ambao hawajaguswa.

Kurasa Mia Nne

Asante sana mshauri. Je, onyo mwanzoni mwa kitabu linasaidia? Naona siku hizi waandishi wengi wanaliweka.

Sikio la Pembeni

Nitakujibu kwa uaminifu ingawa jibu halipendezi. Mwaka 2023 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa kuhusu maonyo ya namna hiyo. Ulionyesha kwamba hayapunguzi maumivu mtu anapokutana na jambo lenyewe, yanamwongezea wasiwasi kabla ya kulifikia, na kwa kawaida hayamfanyi akwepe. Kwa hiyo mwandishi akiweka onyo asidhani amemaliza kazi, akaandika sura ya 9 anavyotaka.

Nimeacha Sura ya Tatu

Mshauri, kwa heshima, sisi tunaoyataka maonyo hatuyatakii hiyo kazi. Najua nitaumia. Nataka nichague siku. Kuna siku nina mtu wa kumpigia simu na kuna siku niko peke yangu na watoto wamelala. Onyo linanipa hiyo nafasi ya kusema "si leo", na kitabu kinanisubiri. Nimewahi kusoma kitabu mwaka mzima baada ya kukinunua, kwa sababu ya mistari miwili ya mwanzo iliyoniambia kilichomo.

Sikio la Pembeni

Napokea, dada. Hilo tafiti za maabara haziwezi kulipima, na wewe umelieleza vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia.

Kalamu ya Waridi

Nimesitasita kuandika kwa sababu mimi ni mmoja wa wanaoziandika hizi riwaya. Nimetoa nne. Ya tatu ilikuwa na mhusika aliyepoteza mtoto, na muswada wangu wa kwanza ulikuwa na takribani kurasa 40 za maombolezo. Mhariri hakuwa mtu mbaya. Aliniambia wasomaji wetu wamekuja kupumzika, punguza giza. Nikapunguza. Nikapunguza tena. Zikabaki sita. Kilipotoka, msomaji mmoja aliniandikia kwamba mhusika wangu anaonekana kama aliyepoteza mkoba. Ile barua ninayo bado.

Ila kuna kosa jingine ambalo halikuwa la mhariri, lilikuwa langu, nalo ndilo nataka tuliangalie. Nilikuwa naamini kuna sura za kuchekesha na kuna sura za kuumiza, na kazi yangu ni kuzipanga kwa zamu ili msomaji asielemewe. Huo ndio ufundi wa kitabu cha mleta uzi pia. Sura ya 9 machozi, sura ya 10 viatu. Msomaji anarushwa huku na kule, na mwishoni anaona kama ametumiwa.

Wanaofanikiwa hawafanyi hivyo. Marian Keyes wa Ireland ana riwaya iitwayo Rachel's Holiday. Msimulizi ni mwanamke anayepelekwa kituo cha kutibu uraibu, naye anakwenda akidhani atakuta mahali pa kukandwa na kuoga mvuke, kwa sababu kwa maoni yake hana tatizo lolote. Unacheka kila ukurasa. Kisha polepole unagundua kwamba ulichokuwa unakicheka ni uongo anaojiambia, na kwamba wewe msomaji umeuamini pamoja naye. Kicheko chenyewe ndicho ugonjwa. Ukiondoa ucheshi pale hutabaki na hadithi nzito zaidi, hutabaki na hadithi yoyote. Keyes mwenyewe amezungumza hadharani kuhusu ulevi wake na kupona kwake, nadhani ndiyo maana hakuhitaji kubahatisha.

Au mtazame Gail Honeyman, Eleanor Oliphant Is Completely Fine, riwaya yake ya kwanza, 2017. Eleanor anachekesha kwa sababu anazungumza kama mtu ambaye hajakaa na watu, na baadaye unaelewa kwa nini hajakaa na watu. Yupo mwanamume, mfanyakazi mwenzake, lakini anabaki rafiki, anamletea vitu, anakaa naye. Anayemsaidia kufungua yaliyofungwa ni mshauri nasaha, kikao baada ya kikao. Hakuna busu linaloponya. Na kitabu kile kiliuzwa kama chepesi, watu wakakipenda, kwa hiyo anayeniambia soko halitaki simwamini tena.

Nuru ya Dirisha

Kalamu ya Waridi, nimeipenda barua yako. Lakini naomba niwe mkali kidogo kwa uzi mzima.

Mbona riwaya za wanawake ndizo zinazowekwa kizimbani? Nimesoma riwaya dhati ngapi, zile zinazoitwa nzito, zenye tuzo, ambamo mwanamke anabakwa katika sura ya kwanza ili mwanamume apate sababu ya kuhangaika kurasa mia tatu? Yule mwanamke wakati mwingine hana hata jina. Hakuna aliyefungua uzi. Jalada likiwa la kijivu tunaita ujasiri, likiwa la waridi tunaita utovu wa adabu.

Na mwisho mwema. Mnauandama sana. Mimi ni manusura, nimeandika neno hilo hapa kwa mara ya kwanza. Nimeolewa na mtu mwema, tuna watoto, nacheka sana, napenda viatu. Maisha yangu yakiandikwa yatakuwa na jalada la waridi. Vitabu vizito vimenisimulia mara nyingi mno kwamba mtu kama mimi ameharibika na anaishia kufa, kunywa au kutazama bahari. Nilikuwa na miaka 20 nikivisoma na nikaviamini. Kitabu cha kwanza kilichoniambia kwamba naweza kuwa na ndoa na mzaha kilikuwa kimoja cha hivi vyepesi, tena si kizuri sana kwa maandishi. Usiku mwanamke wa kitabu kile alilala hadi asubuhi, kama yule wa mleta uzi. Nililia kwa wivu. Ule wivu ndio ulionipeleka kutafuta msaada.

Mleta uzi

Nuru, asante kwa kuliandika hapa. Nimekaa na maneno yako siku mbili kabla ya kujibu, na kuna mahali umenisogeza. Niliandika kana kwamba harusi ndiyo kosa. Siyo. Nilirudi kwenye kitabu na penseli nikahesabu. Ubakaji, kurasa mbili na nusu. Viatu vya harusi, sita. Mazungumzo na jirani, moja na robo, na zaidi ya nusu yake tuko ndani ya kichwa cha jirani, tunasoma jinsi anavyojisikia yeye, jinsi anavyozuia hasira, jinsi anavyojiapiza kumlinda. Katika saa kubwa kuliko zote za maisha yake, binti hatujui anawaza nini. Wewe ulilia kwa wivu kwa sababu kitabu chako, hata kama maandishi yake hayakuwa mazuri, kilikuonyesha mwanamke akilala. Changu kilinionyesha mwanamume akimtazama mwanamke amelala. Nimekisoma mara tatu sasa na ndipo nimeliona.

Kalamu ya Waridi, kurasa 40 zile ukiwa nazo bado, usizitupe.

Mpita Kurasani, nilikujibu kwa ukali. Hata hivyo nilichosema ndicho ninachoamini.

Habari ya wa saba. Sikumwandikia tena, nilikwenda kwake. Sikumuuliza kitu. Nilimwambia tu kwamba sikujua kilichomo, na kwamba ningepaswa kukisoma hadi mwisho kabla ya kumpa mtu. Akaniambia hakukasirishwa na sura ya 9. Sura ya 9 ilikuwa ya kweli, alisema, ndivyo ilivyo, hata harufu. Kilichomshinda ni kufungua sura ya 10 na kukuta kila mtu ameshaendelea. "Ilikuwa hivyo hivyo nyumbani," akasema. Baada ya hapo tulizungumza mambo mengine kabisa, ya watoto, ya kazi, nikaondoka jioni.

Mwezi ujao zamu ya kuchagua ni yake, na ameniambia anataka kuchagua. Anataka chepesi. Nilidhani atakataa. Soma Taratibu, naomba unitumie kwa faragha jina la kile kitabu cha funguo, nikisome kwanza mimi.

Soma Taratibu

Nimekutumia. Mwambie sura ya 14 aisome mchana. Mimi niliiruka, nikairudia baada ya miezi mitatu, na kitabu kinaeleweka bila hiyo.